Samaki Asiye na Zoloto Hutoaje Sauti?

Msomaji wetu wa Usa River, nje kidogo ya mji wa Arusha, anayefuga sato katika bwawa la nyumbani, ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa Mwanza kwa wakwe zangu, na pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, nikamshika gogogo ambaye alikuwa hai bado. Akatoa mlio mkali wa kukwaruza hata nikamwachia. Mwanangu wa kidato cha pili anasema kitabu chake kinaeleza kwamba samaki hana zoloto, yaani kile kiungo cha sauti kilicho kooni, kwa hiyo hawezi kulia. Tangu nirudi nimekuwa nikisikiliza bwawa langu, na alfajiri nasikia midomo ikipiga maji. Naomba kujua samaki hutoaje sauti, kama hufanya hivyo kwa makusudi, na sato wangu wanataka nini."

Marahaba, mama, na pole kwa mshtuko wa Mwaloni. Kitabu cha mwanao hakikosei kusema kwamba samaki hana zoloto wala nyuzi za sauti, na kwamba samaki walio wengi hawana mapafu ya kusukuma pumzi kupita kooni. Kijana aliteleza pale alipohitimisha kwamba asiye na zoloto hana namna ya kutoa mlio. Viumbe wa nchi kavu tunategemea pumzi kwa sababu hewa ndiyo tunayoishi ndani yake, na kuitikisa hewa kwa hewa ndiyo njia iliyo rahisi kwetu. Ndani ya maji mambo ni mengine: mifupa miwili inayosuguana, meno yanayogongana, au mfuko wa hewa unaobanwa na kuachiwa kwa haraka, vyote vinaweza kuwa chanzo cha sauti. Kwa hiyo, badala ya kuuliza samaki ana koo la namna gani, inafaa kuuliza ni kiungo gani katika mwili wake kinachotikisika, na kiko karibu kiasi gani na hewa iliyofungiwa ndani ya mwili huo.

Jambo hili si geni. Aristotle, aliyeishi Ugiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika kwamba samaki hawana sauti ya kooni kwa kuwa hawana mapafu wala bomba la pumzi, lakini wapo wanaotoa milio, ama kwa kusugua sehemu za matamvua, ama kwa sehemu za ndani ya tumbo ambamo mna hewa. Kuhusu tumbo alikuwa sahihi kwa kiasi cha kushangaza, kwa mtu ambaye hakuwa na chombo chochote cha kusikilizia chini ya maji.

Kwanza tuondoe kikwazo kinachowafanya watu wengi waamini kwamba samaki ni bubu. Sauti husafiri ndani ya maji kwa mwendo wa takriban mita 1500 kwa sekunde, wakati katika hewa huenda kama mita 340 tu. Maji hayo hayo, hata hivyo, ni mlinzi mkali wa sauti zake: wimbi la sauti linapofika juu, kwenye mpaka wa maji na hewa, karibu lote hurudishwa chini, na nguvu inayovuka na kuingia hewani ni kama sehemu 1 katika 1000. Mtu aliyesimama ukingoni mwa Ziwa Duluti au juu ya tuta la Nyumba ya Mungu anaweza kusema kwamba maji yametulia kabisa, ilhali chini ya miguu yake mna kelele nyingi. Wataalamu walianza kuzisikia vizuri walipopata haidrofoni, yaani maikrofoni za majini. Uchambuzi wa maandiko ya kisayansi uliotolewa mwaka 2022 ulihesabu aina 989 za samaki ambazo tayari zimethibitishwa kutoa sauti kwa viungo vyao wenyewe. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, ulioongozwa na Aaron Rice wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ulikadiria kwamba uwezo huu ulizuka katika nasaba mbalimbali za samaki si chini ya mara 33, kila nasaba kwa njia yake, na kwamba mwanzo wake unarudi nyuma kiasi cha miaka milioni 155. Hiyo ndiyo sababu siwezi kukupa jibu la chombo kimoja. Hakuna chombo kimoja.

Sasa tumrudie gogogo wako. Samaki huyu ni wa jamii ya kambale wenye miiba mitatu mikali, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani. Ukimshika, huifungua miiba ile miwili na kuikaza kabisa, kiasi kwamba hata ukimvuta huwezi kuilaza bila kumvunja. Shina la kila mwiba limeingia katika tundu la mfupa wa bega, na juu ya shina hilo kuna mistari mingi midogo ya mfupa iliyopangwa sambamba. Mwiba unapozungushwa, mistari ile hukwaruza ukuta wa tundu, mmoja baada ya mwingine, kama ukucha unaoburuzwa juu ya meno ya kitana. Kila mstari hutoa pigo dogo, na mapigo hayo yakifuatana upesi masikio yetu huyaunganisha kuwa mkwaruzo mmoja. Kwa kuwa mlio wa namna hii una mawimbi membamba ya kasi, na mfupa uko karibu na ngozi, uliusikia ukiwa umemshika hewani bila kuhitaji kifaa chochote. Mtu wa Mwaloni angekuambia kwamba hilo ndilo jambo la kawaida kabisa kwa gogogo.

Kwa nini alifanya hivyo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ni mlio wa kujihami. Ndege au samaki mkubwa aliyembana mdomoni anapata mambo mawili kwa wakati mmoja: miiba iliyokaza isiyomezeka, na mtikisiko wa ghafla unaomshtua. Wewe mwenyewe ulimwachia, kwa hiyo mlio ulitimiza kazi yake. Naongeza kwamba gogogo wana chombo cha pili, ambacho huwezi kukisikia ukiwa umewashika hivyo: mfupa mwembamba unaonesa kama springi, uliotokana na pingili ya uti wa mgongo, ambao hutikiswa na msuli wake maalumu na kukitikisa kibofu cha hewa. Samaki mmoja, vyombo viwili, kimoja cha sauti nyembamba na kingine cha sauti nzito.

Kibofu hicho cha hewa ndicho kiini cha jambo lote, na ninyi mnaotembelea Kanda ya Ziwa mnakijua vizuri, kwa sababu ndicho kinachoitwa bondo, na mabondo ya sangara yaliyokaushwa huuzwa kwa bei kubwa kuliko minofu yake. Kazi yake ya msingi ni kumsaidia samaki aelee katika kina anachotaka bila kuchoka. Lakini mfuko wa hewa uliozungukwa na maji una sifa nyingine. Nyama ya samaki ina uzito unaokaribiana na maji, na kwa sababu hiyo nyama ikitikisika peke yake maji hayapati msukumo mkubwa. Hewa ni tofauti, kwa kuwa inabanika. Ukiubana mfuko wa hewa unasinyaa, ukiuachia unatanuka, na kila unaposinyaa na kutanuka maji yote yanayouzunguka husukumwa na kuvutwa. Hakuna kitu katika mwili wa samaki kinachoweza kupeleka sauti majini kwa ufanisi kama huo. Ndiyo maana katika jamii nyingi zilizotofautiana kabisa tunakuta misuli iliyojishikiza kwenye kibofu au kando yake, misuli ambayo haina kazi nyingine ila kukitikisa.

Misuli hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni miongoni mwa maajabu ya mwili wa wanyama wenye uti wa mgongo. Mfano uliochunguzwa zaidi ni wa samaki anayeitwa kisayansi Opsanus tau, anayekaa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye kichwa kipana kama cha chura. Dume hukaa ndani ya shimo lake chini ya mwamba au gogo na kupiga mlio unaofanana na honi ya meli, akiwaita majike waje watage. Msuli wa kibofu chake hujikunja na kulegea kiasi cha mara 200 kwa sekunde moja, kasi ambayo msuli wa mguu wa mwanariadha hauikaribii hata kidogo. Ugumu wa kasi hiyo haumo katika kujikunja. Umo katika kulegea. Ili msuli ulegee, madini ya kalsiamu yaliyoachiliwa ndani ya nyuzi zake lazima yaondolewe kwanza, na msuli wa samaki huyu una vifuko vingi vya kuyavuta na protini nyingi za kuyakamata kwa haraka. Gharama yake ni kwamba msuli huo umepoteza nguvu: unakwenda mbio, lakini hauwezi kubeba kitu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ukubwa wa kibofu ndio unaoamua sauti iwe nyembamba au nzito. Kwa samaki huyu vipimo vimeonyesha vingine. Kila mkunjo mmoja wa msuli huzaa wimbi moja la sauti, hivyo msuli ukijikunja mara 200 kwa sekunde, sauti nayo ni ya mawimbi 200 kwa sekunde, na mpangilio wa mikunjo hiyo hutoka katika seli za neva zilizo mahali ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Tokeo moja la jambo hili ni kwamba maji yakipoa msuli hupunguza mwendo na sauti hushuka, na yakipata joto sauti hupanda.

Ndugu wa samaki huyo, aitwaye Porichthys notatus, hukaa pwani ya magharibi ya Marekani. Dume wake mkubwa huvuma usiku mfululizo, wakati mwingine kwa zaidi ya saa nzima bila kupumzika. Katika miaka ya 1980 watu waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba za mashua huko Sausalito, karibu na San Francisco, walilalamika kwamba hawapati usingizi kwa sababu ya mvumo usiojulikana chini ya sakafu zao; wengine walishuku mashine na mitambo, kumbe walikuwa madume wakiita majike. Katika jamii hiyo hiyo kuna madume wadogo ambao hawavumi kabisa. Hao husubiri jike aitike mwito wa mkubwa, kisha hujipenyeza shimoni na kurutubisha mayai kwa siri. Wahuni hawakosekani popote. Nalo sikio la jike hubadilika kwa majira: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba homoni za msimu wa kuzaa hulifanya lisikie vizuri zaidi sehemu za juu za mvumo wa dume, na msimu ukipita uwezo huo hupungua.

Wapo wengine wanaotumia kibofu kwa njia zisizo za msuli uliojishikiza juu yake. Kikande wa miamba ya matumbawe, ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamfahamu kwa ngozi yake ngumu, huchapa mapezi yake ya kifuani, la kulia na la kushoto kwa zamu, juu ya magamba makubwa yaliyo nyuma ya matamvua. Magamba hayo hugusa ukuta wa kibofu moja kwa moja, na mlio hutoka. Na yupo samaki mdogo wa Myanmar, Danionella cerebrum, mwenye urefu wa milimita 12 tu na mwili unaopenya mwanga kama kioo. Mwaka 2024 watafiti nchini Ujerumani walieleza kwamba dume wake huvuta mfupa wa ubavu wake kwa msuli, kisha huuachia ghafla ukapiga gegedu, na gegedu likapiga kibofu. Mlio wake, ukipimwa kwa umbali wa urefu wa mwili wake mwenyewe, unazidi desibeli 140. Desibeli za majini hupimwa kwa kipimo tofauti na zile za hewani, kwa hiyo zisilinganishwe moja kwa moja na spika za harusini. Hata hivyo kwa kiumbe wa ukubwa huo ni nguvu kubwa mno.

Wasio na kibofu, au wasiokitumia, hawakunyamaza. Samaki wa maua ya bahari, wale wadogo wenye mistari wanaoishi ndani ya kiumbe chenye minyiri kama ua, hufumba taya kwa ghafla kwa kutumia ukano maalumu ulio kati ya taya na koo, na meno yanapogongana husikika mfululizo wa milio ya kugota. Hayo yalielezwa mwaka 2007. Farasi wa baharini hugonganisha mifupa ya kichwani anapokula. Jamii kadhaa za bahari husaga meno yaliyo ndani kabisa ya koo. Heringi, samaki wa bahari za kaskazini, huachia vipovu vya hewa kupitia tundu lililo karibu na njia ya haja, tena usiku na wakiwa wengi, na waliogundua jambo hilo walitunukiwa mwaka 2004 ile tuzo ya Ig Nobel inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Cheko lina upande wake mzito: jeshi la majini la Sweden lilikuwa limehangaika kwa miaka likisikia milio ya ajabu katika Bahari ya Baltiki na kuidhania kuwa ya nyambizi za Kirusi, hadi wanasayansi walipoithibitisha kuwa ni ya heringi. Papa, asiye na kibofu kabisa, alihesabiwa kuwa bubu mpaka mwaka 2025, ilipochapishwa taarifa ya papa mdogo wa New Zealand aliyerekodiwa akitoa milio mifupi ya kugota aliposhikwa. Inadhaniwa kwamba ni meno yake mapana yanayogongana.

Nimetoka mbali na Usa River, basi nirejee kwa sato. Ukoo wa sato na perege ni wa samaki wanaotoa sauti, na si kwa nadra. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapiga sato picha za mwendo wa polepole huku wakirekodi sauti zao, na wakaona kwamba mlio huambatana na mjongeo mdogo wa mifupa ya bega na ya nyonga kurudi nyuma, pamoja na kujikunja kwa ukanda wa misuli ulio ubavuni, ambao hubana mbavu na kibofu kilicho ndani yake. Kibofu kilipojazwa kimiminika badala ya hewa, mlio ulipungua nguvu lakini haukutoweka, jambo linaloonyesha kwamba kwa sato kibofu ni msaidizi tu. Sauti yenyewe ni nzito, fupi, ya mapigo mapigo, na haiwezi kusikika na mtu aliyesimama ukingoni.

Sato hutoa milio hiyo anapomfukuza mwenzake katika eneo lake. Kwa binamu yake, perege wa Msumbiji, imerekodiwa pia wakati wa uchumba, hasa dume anapokuwa tayari juu ya shimo alilochimba sakafuni na jike amekaribia kutaga. Ziwa Victoria lina mfano ambao kila Mtanzania angepaswa kuufahamu: samaki mdogo wa miambani aitwaye kisayansi Pundamilia nyererei, ambaye jina lake hilo la pili lilitolewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume wake ni mwekundu mgongoni, na kwa miaka mingi rangi hiyo ndiyo iliyosemwa kuwa inawaongoza majike wasimchanganye na dume wa jamii ya jirani. Utafiti wa mwaka 2010 uliongeza kwamba milio ya madume nayo hutofautiana kati ya jamii moja na nyingine, na kwamba jike huizingatia anapochagua. Kwa maoni yangu, jambo hilo linatupa sababu nyingine ya kuhofia maji ya ziwa yanapochafuka na kelele za injini kuongezeka, kwa kuwa dume asiyeonekana wala kusikika ana nini tena cha kumvutia mwenzake?

Hapo limejibiwa kwa sehemu swali lako la makusudi. Wataalamu hutenganisha sauti za aina mbili. Kuna kelele zinazotokea tu kwa sababu samaki anaishi: mkia unapochapa maji, meno yanaposaga konokono, mdomo unapofyonza chakula. Nyingine ni milio ambayo ina kiungo chake, wakati wake na msikilizaji wake. Ili kuthibitisha kwamba mlio ni wa aina ya pili, haitoshi kuusikia tu. Inabidi kuurekodi, kuuchezea samaki wengine kwa spika ya majini, na kuona wanafanya nini. Majike wa Porichthys wakichezewa mvumo huifuata spika ambayo haina dume yeyote. Hapo hakuna shaka kwamba mlio una ujumbe.

Ujumbe unahitaji sikio, na samaki analo, ingawa halina tundu la nje. Ndani ya fuvu kuna vijiwe vizito vya chokaa vinavyobaki nyuma kidogo mwili unapotikiswa na sauti, na tofauti hiyo ya mwendo huhisiwa na vinyweleo vya neva. Gogogo na kambale wana nyongeza: mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu na sikio la ndani, uliofafanuliwa na Ernst Heinrich Weber wa Ujerumani mwaka 1820, ambao huwawezesha kusikia sauti nyembamba ambazo sato hazipati. Sato hana mnyororo huo na husikia zaidi sauti nzito. Tazama ulinganifu: gogogo anayekwaruza kwa sauti nyembamba ana sikio la kuisikia, na sato anayetoa mapigo mazito ana sikio la mapigo mazito.

Sasa midomo ya alfajiri, na hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi kuliko mahali pengine pote. Sauti hiyo ya midomo kupiga maji si mlio wa mawasiliano. Ni samaki waliokuja juu kufyonza tabaka jembamba la maji linalogusana na hewa, kwa sababu chini oksijeni imepungua. Mchana, mwani unaolifanya bwawa kuwa la kijani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku jua halipo, na mwani wenyewe, samaki, pamoja na mbolea inayooza sakafuni, wote huendelea kuitumia, hivyo kiwango chake huwa cha chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Ukiona sato wamejipanga juu na vinywa wazi, na jua likishapanda wanashuka tena, maji ni ya kijani kizito na samaki wengine hawachangamkii chakula, shaka huisha. Fungulia maji mapya kutoka mferejini na uyaache yaanguke kutoka juu ili yavute hewa. Usiwape chakula asubuhi hiyo mpaka watulie chini, simamisha mbolea ya kuku au ya ng'ombe hadi rangi ya maji ifunguke, na uangalie kama idadi ya samaki imezidi ukubwa wa bwawa, hasa kama sato wamezaliana bila kupunguzwa. Siku yenye mawingu mazito mlimani, mwani haupati jua la kutosha, basi usiku unaofuata uwe macho zaidi.

Kama umechanganya kambale ili wapunguze vifaranga, wafanyavyo wafugaji wengi, utasikia jambo lingine tena. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa juu ya matamvua, hivyo kupanda kwake juu, kumeza hewa na kutoa vipovu ni kawaida yake hata maji yakiwa mazuri. Kibofu chake ni kidogo na kimefunikwa na mfupa, kwa hiyo usimtarajie awe mpiga mivumo. Mfugaji anaweza kushtushwa na sauti ya kambale akimeza hewa, akakimbilia kubadilisha maji bila sababu. Waangalie sato, siyo kambale, ndio watakaokuambia hali ya oksijeni.

Ukitaka kusikia milio ya kweli ya sato wako bila kununua haidrofoni, jaribu hivi. Tafuta mti mkavu mnyoofu, au mpini mrefu wa jembe usio na nyufa, utumbukize ncha moja majini na uweke sikio kwenye ncha ya juu huku umeziba sikio lingine. Mbao hupokea mtikisiko wa maji na kuufikisha sikioni, tofauti na sauti inayojaribu kuvuka kwenda hewani, ambayo karibu yote hupotea. Chagua saa ambayo hakuna upepo wala maji yanayoingia bwawani, baada ya jua kupanda na samaki wameshashuka. Tafuta kwanza mashimo ya mviringo ambayo madume huchimba sakafuni pembeni, kwenye kina kifupi, na uweke ncha ya mti kando ya shimo moja bila kuligusa, kisha utulie mpaka dume arudi. Usikae mbali ukidhani sauti itakufikia, kwa kuwa katika maji ya kina cha mita 1 sauti nzito hufifia baada ya umbali mfupi sana. Samaki wa bwawani huzungumza na jirani, si na ng'ambo. Ukikwaruza mti kwa nguo au ukihamisha mguu juu ya tope utasikia kelele zako mwenyewe. Mwite na mwanao ashike daftari: aandike kila mlio, nani alikuwa karibu na shimo, na kama dume alikuwa anafukuza au anatetemesha mwili ubavuni mwa jike. Hayo mawili ndiyo matukio ambayo mlio wa sato umerekodiwa kuambatana nayo yeye au jamaa zake, na baada ya kuyaandika mara kadhaa kijana ataweza mwenyewe kukijazia kitabu chake sehemu iliyopungua.